Kuchoma DVD kupita kasi yake: dakika ni zako, harusi ni ya mwenzako

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi watasema limepitwa na wakati, nalo ni kuchoma DVD. Na si kuchoma tu, bali kuchoma kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Diski imeandikwa 8x, wewe unaichoma kwa 12x au 16x, draivu inakubali, na baada ya dakika chache diski inatoka ikiwa na joto kama chapati. Unaijaribu, inacheza. Unacheka. Umemshinda mtengenezaji!

Mimi nasema hujamshinda mtu. Umekopa dakika mbili, na deni hilo litalipwa na mtu mwingine miaka mingi baadaye, wakati ambapo wewe hata hukumbuki kwamba uliichoma diski hiyo. Hayo ndiyo maoni yangu, na leo nitayatetea kwa hesabu.

Najua utaniuliza, nani bado anachoma DVD? Ni kweli, laptopu nyingi za siku hizi hazina draivu kabisa, na Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Lakini hebu fungua kabati la mama yako sebuleni. Utakuta DVD za harusi, mazishi, mahafali, ruracio na mahubiri, nyingi zimechomwa miaka ile kabla video hazijahamia kwenye simu. Wapiga video wengine bado wanachoma kwa sababu mteja anataka kitu cha kushika mkononi. Kuna vituo vya picha za MRI ambavyo bado vinakukabidhi diski upeleke kwa daktari. Jambo hili halijafa. Limenyamaza tu.

Na tangu majirani wajue kwamba nina draivu tatu zinazofanya kazi, wananiletea diski zao nizihamishie kwenye flashi. Ndiyo maana nimekuwa na muda wa kutosha wa kuzichunguza.

8x ni nini hasa?

Tuanze na msingi. Kwa DVD, 1x ni baiti 1,385,000 kwa sekunde. Hiyo ni kama mara tisa ya 1x ya CD, ambayo ni kilobaiti 150 kwa sekunde. DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Gawanya, na utaona muda wa kuchoma diski iliyojaa ni kama hivi:

- 1x: dakika 57
- 4x: dakika 14 hadi 15
- 8x: dakika 8 hivi
- 12x: kati ya dakika 6 na 7
- 16x: kati ya dakika 5 na 6

Angalia vizuri orodha hiyo. Kutoka 1x hadi 4x uliokoa zaidi ya dakika 40. Kutoka 4x hadi 8x ukaokoa dakika 6 au 7. Kutoka 8x hadi 12x unaokoa dakika moja na nusu, labda mbili. Kutoka 12x hadi 16x, dakika moja! Kasi inaongezeka sana kwenye karatasi, lakini saa ya ukutani haioni tofauti kubwa.

Kwa nini? Kwa sababu 16x si 16x kutoka mwanzo hadi mwisho. DVD inaandikwa kuanzia karibu na tundu la katikati kuelekea ukingo wa nje. Ili kuandika kwa 16x kule ndani, diski ingebidi izunguke zaidi ya mara 22,000 kwa dakika. Hakuna draivu ya nyumbani inayothubutu. Kwa hiyo draivu inazungusha diski kiasi cha mara 9,000 hivi kwa dakika, inaanza ndani kwa kasi ya kama 6x au 7x, na inafika 16x kule ukingoni tu, mwisho kabisa wa kazi.

Ukifika hapo ukingoni, plastiki inapita mbele ya leza kwa mwendo wa kama kilomita 200 kwa saa. Matatu zetu ziliwekewa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwaka 2004 kwa sheria za waziri John Michuki, na tunajua kilichokuwa kikitokea wakati dereva au fundi wake alipokichezea kidhibiti. Gari halikupinduka siku hiyohiyo. Liliendelea kufika mapema kwa wiki kadhaa, abiria wakafurahi. Kumbuka mfano huo, tutaurudia.

Nani anaamua kasi?

Watu wengi wanafikiri draivu inapima diski kisha inaamua yenyewe. Inapima kidogo, ndiyo, lakini uamuzi mkubwa ulishafanywa zamani na mwanaprogramu aliyekaa ofisini mbali na hapa.

Kila DVD tupu ina msimbo uliofinyangwa ndani ya plastiki yake kiwandani. Kwa mfano MCC 003 ni DVD+R ya 8x kutoka Mitsubishi Chemical, zilizouzwa sana kwa jina la Verbatim. YUDEN000 T02 ni ya 8x kutoka Taiyo Yuden ya Japani, kampuni iliyoacha biashara ya diski mwaka 2015. Ukiingiza diski, draivu inasoma msimbo huo, kisha inautafuta kwenye jedwali lililo ndani ya programu yake. Jedwali linasema: kwa diski hii, tumia leza yenye nguvu kiasi hiki, ipige mapigo ya umbo hili, na usizidi kasi hii. Baada ya hapo ndipo draivu inafanya jaribio dogo kwenye eneo maalumu karibu na katikati ya diski ili kurekebisha nguvu ya leza.

Basi kuzidisha kasi kulitoka wapi? Draivu za 16x zilianza kuuzwa mwaka 2004, kabla diski za 16x hazijaenea madukani. Mtu amenunua draivu iliyoandikwa 16x kwa herufi kubwa kwenye boksi, halafu diski zote mtaani ni za 8x. Atafurahi? Kwa hiyo watengenezaji wa draivu waliziruhusu diski fulani bora za 8x kuchomwa kwa 12x, hata 16x. Baadaye zikaja programu za mafundi wa nyumbani kama MediaCodeSpeedEdit na OmniPatcher, ambazo zilimwezesha mtu kulibadilisha jedwali la draivu yake mwenyewe. Mara nyingi njia ilikuwa kuchukua mstari wa diski A na kuupa diski B.

Mimi ni mwanaprogramu, na kunakili mstari mmoja na kuubandika mahali pengine ni jambo ninaloliona kila wiki kazini. Wakati mwingine linafaulu kwa sababu vitu viwili vinafanana kweli. Wakati mwingine linafaulu kwa sababu hakuna aliyejaribu vya kutosha. Ukitazama kwa nje, huwezi kuzitofautisha hali hizo mbili.

Na ujue jedwali hilo si la urembo. Mwaka 2002 Pioneer iliwatahadharisha wenye draivu zake za zamani kwamba diski mpya za kasi kubwa zingeweza kudhuru draivu hizo, ikatoa programu mpya ya ndani bila malipo. Draivu na diski zisipojuana, kuna anayeumia.

Kinachotokea chini ya leza

DVD ya kuchomwa mara moja ina utando mwembamba wa rangi. Leza nyekundu ya nanomita 650 inaupasha joto utando huo katika sehemu fulani, rangi inabadilika, na hapo panakuwa na alama. Alama fupi zaidi ina urefu wa kama mikromita 0.4. Kwa 1x, leza ina nanosekunde 115 hivi za kuiandika alama hiyo. Kwa 8x ina nanosekunde 14. Kwa 12x ni 10, na kwa 16x ni 7 tu.

Muda ukipungua, huna budi kuongeza moto. Hapo ndipo shida inapoanzia. Kila anayepika chapati anajua: ukiongeza moto mara mbili chapati haiivi vizuri kwa nusu ya muda. Inaungua nje na kubaki mbichi ndani, kwa sababu unga ni uleule. Rangi ya diski ya 8x ilichanganywa kwa ajili ya moto wa 8x. Ukiipa moto wa 12x, joto halikai mahali pake. Linasambaa kuelekea alama jirani, mwanzo na mwisho wa alama unakuwa haueleweki, na alama zinaanza kutofautiana urefu. Yule atakayesoma baadaye anatakiwa kutofautisha alama moja na nyingine kwa kupima urefu huo huo!

Diski nzuri ina nafasi ya ziada, inavumilia. Diski ya bei rahisi haina. Na sokoni kulikuwa na diski za bandia zilizobeba msimbo wa kampuni yenye heshima. Draivu yako inaona msimbo, inaamini, inatoa ruhusa ya 12x. Kumbe ndani ni unga mwingine kabisa.

Mwisho wa harusi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Tumeona kwamba draivu inaanza polepole ndani na kufika kasi ya juu kabisa ukingoni. Ongeza mambo mengine matatu. Kwanza, utando wa rangi humiminwa kiwandani huku diski ikizunguka, na sehemu ngumu zaidi kuipata sawasawa ni ukingo. Pili, ukingo ndio unaoyumba zaidi diski ikizunguka, na zaidi bado ikiwa umebandika stika ya karatasi yenye picha ya maharusi. Tatu, ukingo ndio unaoguswa na vidole.

Kwa hiyo kasi iliyozidi inaumiza wapi kwanza? Ukingoni. Na ukingoni ndipo palipoandikwa nini? Mwisho wa video.

Hebu fikiria DVD ya harusi. Ndani, kule kwenye sehemu iliyochomwa kwa utulivu, kuna bibi harusi akivishwa na msafara wa magari ukipiga honi. Nje, kwenye sehemu iliyochomwa kwa pupa, kuna keki, wosia wa wazee, nyanya akicheza na wajukuu. Kwenye DVD ya mazishi, sehemu ya nje ndiyo yenye maneno ya mwisho ya familia na udongo kaburini. Ndivyo nilivyoona kwa diski nyingi ninazoletewa: nusu ya kwanza safi kabisa, halafu picha inaanza kukatikakatika, sauti inarukaruka, kisha kimya.

Na mwenye kuchoma aliijaribu vipi? Aliiweka kwenye deki, akatazama dakika mbili za mwanzo, akasema iko sawa. Yaani alipima ile sehemu iliyochomwa polepole kuliko zote! Ni kama kupima breki za matatu ikiwa imeegeshwa.

Utaniuliza nimejuaje kwamba kasi ndiyo iliyohusika na si jua, vumbi au mikwaruzo. Swali zuri. Msimbo wa diski unaniambia ilikuwa ya kasi gani. Halafu kuna programu za kupima makosa ya diski, kama Nero DiscSpeed kwenye Windows na QPxTool kwenye Linux, zikiwa na draivu inayokubali kipimo hicho. Mikwaruzo inaonekana kama milima ya hapa na pale kwenye grafu. Diski iliyochomwa kwa kasi isiyoiweza mara nyingi ina umbo lake: makosa machache ndani, kisha ngazi pale draivu ilipobadilisha kasi, halafu mteremko unaopanda moja kwa moja hadi ukingoni. Siwezi kuapa kwa kila diski. Lakini ukiziona 20 zenye umbo moja kutoka kwa mchomaji mmoja, unaelewa.

"Lakini mbona ilikuwa inacheza?"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara. Ilicheza vizuri mwaka 2009, kwa hiyo uchomaji ulikuwa mzuri, uzee ndio uliyoiharibu.

Hapana. DVD haihifadhi data yako peke yake. Inahifadhi pia data ya kusahihishia makosa. Kila fungu la kilobaiti 32 hupangwa kama jedwali la mistari 208, na kila mstari una baiti 182. Kati ya hizo, 10 ni za ukaguzi, na zinaweza kurekebisha hadi baiti 5 mbovu katika mstari. Zikishindwa, kuna ukaguzi wa pili wa kwenda chini kwa safu. Ni hesabu nzuri sana, na kama ulisoma sayansi ya kompyuta huenda ulikutana nayo kwa jina la Reed-Solomon.

Diski mpya haitakiwi kuwa bila makosa. Viwango vinaruhusu hadi mistari 280 yenye makosa katika mafungu manane yanayofuatana, kwenye ukaguzi wa kwanza. Diski nzuri iliyochomwa vizuri huwa chini ya hapo kwa mbali. Hiyo nafasi iliyobaki ndiyo akiba ya uzeeni. Rangi itachakaa, plastiki itakwaruzwa, draivu ya kusomea itakuwa na leza iliyochoka. Yote hayo yanakula akiba.

Ukizidisha kasi, unaila akiba hiyo siku ya kwanza. Diski inacheza kama kawaida kwa sababu usahihishaji unaficha kila kitu. Diski mbili, moja yenye makosa kidogo na nyingine iliyobakiza nafasi ndogo tu, zinatoa picha ileile kwenye televisheni. Halafu miaka kumi inapita, zote mbili zinazeeka kwa kiasi kilekile, moja inavumilia, nyingine inavuka mstari. Uzee ulizigusa zote mbili, lakini iliyokufa ni ile iliyokuwa imeshaporwa akiba yake.

Tuwe wa haki

Sitaki kuwa kama wale wanaosema "choma polepole kabisa, 1x, ndiyo salama". Hilo nalo si kweli. Rangi ya diski ya 16x imetengenezwa kwa moto mkali, na watengenezaji wa draivu hawakuhangaika sana kuipangia mapigo ya 1x au 2x. Ukiichoma polepole kupita kiasi unaweza kupata makosa mengi kuliko kwa 8x. Chapati kwenye moto wa mshumaa nayo haiivi, inakauka.

Pia nakubali kwamba kuna diski za 8x zilizochomwa kwa 12x na zikapimwa vizuri sana. Taiyo Yuden na Verbatim za wakati wao zilikuwa hivyo, na yule mwanaprogramu wa draivu aliyeziruhusu mara nyingine alikuwa amezipima kweli. Anayesema kuzidisha kasi huharibu kila mara hajui anachosema.

Na kama unachoma kitu cha muda, choma unavyotaka. Unaweka Debian kwenye kompyuta ya zamani isiyowaka kwa flashi? Diski ikiharibika, faili bado ipo na una namba za kuihakiki. Hapo hatari ni yako na hasara ni yako.

Tatizo langu ni pale ambapo hatari ni ya mtu mwingine naye hajui.

Nilijadiliana na mpiga video mmoja wa makamo, mtu ninayemheshimu sana kwa kazi yake. Akaniambia, "Kijana, mimi nina familia inataka nakala 60 kabla ya Jumapili. Dakika mbili mara 60 ni saa mbili. Hizo saa mbili utanilipa wewe?"

Hoja nzito. Nikamuuliza, "Mzee, si una mnara wa draivu saba?"

"Ninao."

"Basi nakala 60 ni mizunguko tisa. Dakika mbili mara tisa ni dakika 18. Si saa mbili."

Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Dakika 18 ni chai tu."

Ni chai tu! Na hata kama zingekuwa saa mbili kweli, bado ningeuliza: mteja aliambiwa? Alielezwa bei, idadi ya nakala, rangi ya jalada. Hakuambiwa kwamba diski ya 8x itachomwa kwa 12x. Angeambiwa, "Mama, tunaweza kukupa diski hizi chai moja mapema, lakini huenda mwisho wa video usionekane wajukuu wako wakiwa wakubwa," ungetarajia akujibu nini?

Hapo ndipo mfano wa matatu unaporudi. Dereva aliyechezea kidhibiti mwendo alikuwa ndani ya gari lile pamoja na abiria. Mchomaji wa diski ameshashuka zamani.

Ufanye nini basi

Kama bado unachoma diski kwa ajili ya watu, haya ndiyo ninayopendekeza:

1. Chagua kasi mwenyewe, usiiachie programu iamue kwa neno "juu kabisa". Kwa diski ya 16x, 8x ni chaguo zuri. Kwa diski ya 8x, choma kwa 8x au 6x. Draivu nyembamba za USB za siku hizi zenyewe haziendi zaidi ya 8x, kwa hiyo wengi wenu mko salama bila kujua. Kwa wenye Linux: growisofs -dvd-compat -speed=8 -Z /dev/sr0=harusi.iso

2. Usiijaze diski hadi ukingoni. Ukiacha nusu gigabaiti au zaidi, umeukwepa ule ukanda mbaya kabisa. Ikiwa video ni ndefu, tumia diski mbili. Diski ya pili ni bei rahisi kuliko lawama.

3. Hakiki hadi mwisho. ImgBurn ina hatua ya kuhakiki baada ya kuchoma, itumie. Kama huna muda wa kuhakiki zote, hakiki angalau moja kutoka kwa kila draivu, na ukijaribu kwa macho, ruka moja kwa moja hadi dakika tano za mwisho.

4. Usibandike stika ya karatasi. Andika kwa kalamu laini ya diski, au tumia diski za kuchapwa.

5. Mpe mteja na faili pia, kwenye flashi. Siku hizi hakuna sababu ya kumwachia kumbukumbu zake kwenye plastiki moja.

Na kama wewe ndiye mwenye diski kabatini, usingoje Krismasi familia ikutane ndipo uzitoe. Zihamishe sasa. Diski ikikataa mwishoni, usiilazimishe kwenye deki. Jaribu draivu nyingine kwanza, kwani draivu mbili zinaweza kusoma diski moja kwa namna tofauti kabisa. Kwenye Linux tumia ddrescue, ambayo inachukua kwanza kila kinachosomeka, kisha inarudia sehemu ngumu taratibu. Mara nyingi nimepata dakika kadhaa ambazo mwenyewe alikuwa ameshazikatia tamaa. Si mara zote.

Hayo ndiyo maoni yangu. Namba iliyoandikwa kwenye diski haikuwekwa na mtu mwoga aliyetaka kukuchelewesha. Ni kiasi cha moto ambacho rangi ile ilitengenezewa. Unaweza kukipita, na wakati mwingine utafaulu, lakini tafadhali kipite kwa kazi zako mwenyewe. Ya watu ichome kwa kasi yake, nenda kanywe chai, urudi uihakiki hadi nyanya amalize kucheza.